JIFUNZE UJENZI: Kuunganisha paneli za EPS bila kuacha nyufa

Ukuta wa paneli za EPS huzuia joto kali la mchana kuliko mabati matupu, na paneli zenyewe ni nyepesi kusafirisha hadi Merti au Garbatulla. Humu nchini, Shirika la Kitaifa la Nyumba (NHC) lina kiwanda cha paneli hizi Mavoko, Kaunti ya Machakos.

Kila paneli ni povu gumu liitwalo polistirini, lililo katikati ya nyavu mbili za waya wa chuma. Povu halibebi nyumba. Kinachobeba ni nyavu pamoja na plasta ya saruji. Paneli zisiposhikana vizuri, ufa huanzia pale pale kwenye kiungo.

Mambo ya kuzingatia:

1. Msingi uwe na nondo fupi zilizosimama. Paneli hufungwa kwenye nondo hizo kwa waya.

2. Sukuma paneli zikutane kabisa. Pengo lijazwe kipande cha povu, si saruji, kwani saruji hupitisha joto.

3. Funika kila kiungo kwa ukanda wa wavu, ndani na nje. Ukanda wa sentimita 20 hushika sentimita 10 kila upande. Kaza kwa waya wa kufungia.

4. Kwenye pembe za nyumba tumia wavu uliokunjwa. Kwenye pembe za milango na madirisha, ongeza kipande cha wavu kilicholazwa mshazari, kwa maana hapo ndipo nyufa hutokea kwanza.

5. Pima kwa timazi na uweke mihimili ya kushikilia ukuta kabla ya plasta. Mabomba ya nyaya za umeme pia yatangulie.

6. Piga plasta pande zote mbili, kisha mwagilia maji kwa siku 7 au zaidi. Kwa jua la Isiolo, plasta ikikauka haraka hupasuka.

Tahadhari: polistirini hushika moto na moshi wake ni sumu. Usipikie wala kuwasha moto karibu na paneli zisizopigwa plasta, na usihamie kabla kuta zote hazijafunikwa.

Kabla ya kuanza, mkazi anatakiwa kupata kibali cha ujenzi kutoka kwa serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Mwenye nyumba akague viungo mwenyewe kabla ya plasta, kwani baada ya hapo havionekani tena.