Amana au Arbuni? Lugha ya Mapatano katika Upangaji wa Pamoja wa Wanafunzi Jijini Nairobi

Utangulizi

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu jijini Nairobi hutafuta nyumba za kupanga nje ya kampasi. Aghalabu hupanga kwa pamoja, wawili, watatu au wanne, ili wagawane gharama. Uamuzi huo hufanywa kwa siku mbili tatu, huku mkopo wa masomo haujaingia na mihadhara imekwisha kuanza. Matokeo yake hudhihirika baadaye: malipo ya awali yasiyorudishwa, mwenzi anayehama bila kuaga, mlango unaotiwa kufuli katika juma la mtihani. Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba mengi ya matatizo hayo chanzo chake ni lugha: mambo yaliyosemwa nusunusu, yaliyoandikwa katika mkataba ambao haukusomwa, au yasiyosemwa kabisa. Tutaanza na usuli wa suala hili, kisha tutaangalia uchaguzi wa mahali, nafasi ya kila mmoja katika mkataba, maana ya malipo ya awali, na hatimaye namna ya kuandika mapatano baina ya wakaao pamoja.

Usuli wa Suala

Upungufu wa malazi haukuzuka jana. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo, na vyuo vingine vya umma vikafuata mkondo huo. Mwaka 2011 vyuo vya umma vilisajili makundi mawili ya wanafunzi kwa wakati mmoja ili kupunguza mrundiko wa waliokuwa wakingoja nafasi. Idadi ya wanafunzi ilipanda. Idadi ya vitanda haikupanda kwa kasi hiyo. Ndipo mitaa iliyo jirani na kampasi ilipogeuka kuwa mabweni yasiyo rasmi: Ngara na Pangani kwa wanaosomea katikati ya jiji, na Kahawa Wendani, Kahawa Sukari na Githurai kwa wanaosomea Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Tofauti ya bweni na ploti ni kwamba bweni lina kanuni zilizokwisha kuandikwa. Katika ploti, mwanafunzi ndiye mtunga kanuni. Asipozitunga yeye, atatungiwa.

Kuchagua Mahali

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, bali uingie ndani. Kosa la kwanza la watafutaji ni kulinganisha kodi peke yake. Tuchukue mfano. Nyumba ya kwanza iko karibu na chuo na fungu la kila mmoja ni shilingi 6,500. Ya pili iko mbali na fungu ni shilingi 4,500, lakini nauli ya matatu ni shilingi 60 kwenda na 60 kurudi. Kwa siku 22 za masomo, nauli ni shilingi 2,640. Nyumba iliyoitwa rahisi imefikia shilingi 7,140. Hapo hatujahesabu saa zinazopotea kwenye msongamano, wala nauli inayopanda mvua inaponyesha, wala hatari ya kushuka kituoni usiku baada ya mihadhara ya jioni.

Jambo la pili ni maji. Nairobi ina mgao wa maji, na mitaa haipati maji siku zilezile. Swali "Je, kuna maji?" halimfai mtafutaji, kwa kuwa jibu lake daima ni "ndiyo". Aulize: maji ya mfereji hufika siku zipi? Tangi la jengo hukaa siku ngapi kabla ya kukauka? Yakiisha, mtungi huuzwa bei gani? Maswali hayo aulizwe mpangaji anayeishi mle, wala si wakala ambaye ujira wake unategemea nyumba kuchukuliwa.

Tatu ni usalama wa jengo lenyewe. Mnamo Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kutambuliwa kuwa la kubomolewa. Mwanafunzi si mhandisi, lakini ana macho ya kuona nyufa zinazopanuka, maji yanayochuruzika ukutani na alama ya X iliyopakwa rangi. Vilevile atazame kama vyuma vya madirisha vinafunguka kwa ndani na kama ngazi zina njia ya pili ya kutokea moto ukizuka.

Zaidi ya hayo, asilipe chochote kabla ya kuingia ndani ya nyumba kwa miguu yake. Picha nzuri kwenye simu zikifuatwa na ombi la kutuma pesa ili "nyumba isichukuliwe na mwingine" ni dalili ya ulaghai.

Nani Mpangaji?

Tuje sasa kwenye kiini cha mada. Kitenzi panga hunyambuliwa kuwa pangisha, na kutokana nacho tunapata mpangaji na mpangishaji. Katika upangaji wa pamoja, swali la nani ni nani lina uzito mkubwa, nalo huwa na majibu matatu.

Kwanza, wote wanaweza kutia saini mkataba mmoja. Hapo kila mmoja ni mpangaji mbele ya mwenye nyumba. Faida ni kwamba hakuna awezaye kumfukuza mwenzake kwa hasira ya siku moja. Hasara ni kwamba mikataba ya namna hii mara nyingi huwadai wote kwa pamoja na kila mmoja peke yake: akitoroka mmoja, waliobaki hudaiwa kodi nzima.

Pili, mmoja hutia saini na wengine humpa mafungu yao. Hii ndiyo namna iliyoenea zaidi, nayo ndiyo yenye mtego. Aliyetia saini amekuwa mpangaji kwa mwenye nyumba na mpangishaji kwa wenzake, hata kama wanaitana marafiki. Tuseme kodi ni shilingi 18,000 kwa watu watatu. Mmoja akihama baada ya miezi minne, mwenye saini angali anadaiwa 18,000, na fungu la kila aliyebaki limetoka 6,000 hadi 9,000. Kwa upande wa pili, wenzake hawana kauli mbele ya mwenye nyumba. Wanaweza kulipa kila mwezi bila kukosa na bado wakute kufuli mlangoni kwa sababu aliyepokea mafungu yao hakuyafikisha.

Tatu, kila mmoja huandikiana na mwenye nyumba kuhusu chumba chake. Hii ni salama zaidi, ingawa mwenye nyumba ndiye atakayeamua nani aingie chumba kikibaki wazi.

Hakuna namna iliyo bora kwa wote. Lililo la lazima ni kila mmoja kujua yumo katika namna ipi kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Amana, Arbuni na Kilemba

Mazungumzo mengi ya upangaji Nairobi hutumia neno moja la mkopo, "dipoziti", kwa malipo yote ya awali. Kiswahili kina maneno zaidi, na kila moja lina wajibu wake.

Amana ni kitu anachokabidhiwa mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe. Neno hili lina shina moja na amini na imani. Fedha iliyotolewa kuwa amana ni mali ya mpangaji hata ikiwa mkononi mwa mwenye nyumba, nayo hukatwa tu kwa uharibifu au deni lililothibitishwa. Arbuni ni malipo ya kuonyesha nia na kushika nafasi. Kwa desturi, mtoaji akighairi huipoteza. Kilemba nacho ni malipo ya ziada ambayo mtu hutakiwa kutoa ili tu apewe nafasi, na hakirudi.

Mwanafunzi anayetoa shilingi 18,000 akidhani ni amana, huku mpokeaji akiichukua kuwa arbuni, ameanza ugomvi ambao utafichuka siku ya kuhama. Kwa hiyo stakabadhi isiandikwe "malipo ya nyumba" tu. Iandikwe: "Amana ya shilingi 18,000, itakayorudishwa ndani ya siku 14 baada ya kuhama, ikitolewa gharama ya uharibifu utakaokaguliwa na pande zote mbili." Siku ya kuingia, picha za kuta, sinki, vitasa na madirisha zipigwe na kuhifadhiwa. Malipo kwa simu ni bora kuliko ya mkononi kwa kuwa yanaacha kumbukumbu ya tarehe na kiasi.

Umuhimu wa maandishi unaongezwa na hali ya sheria. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba nyingi wanazopanga wanafunzi leo zimepita kiwango hicho, kwa hiyo kinga ya mpangaji kwa kiasi kikubwa imo ndani ya mkataba wake. Hata hivyo, hajaachwa bila pa kukimbilia. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya fedha ambazo mtu anamshikia mwenzake, na mdai anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Lakini mahakama huomba ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mapatano ya Ndani

Mkataba na mwenye nyumba hausemi nani atanunua gesi. Hayo ni ya wakaao pamoja, na hapa ndipo sarufi inapofanya kazi ambayo wengi hawaitarajii. Sentensi "Tutasaidiana kulipa stima" inapendeza, lakini kauli ya kutendana imemficha mtenda. Haisemi nani, kiasi gani wala lini. "Vyombo vitaoshwa kila jioni" imo katika kauli ya kutendwa isiyo na mtenda, na vyombo visivyo na mtenda hubaki kwenye sinki hadi Jumamosi. Mapatano mema huandikwa kwa kauli ya kutenda, kiima kikiwa wazi, yakitaja kiasi na tarehe. Kwa mfano:

1. Kila mmoja atalipa fungu lake la kodi, shilingi 6,000, kabla ya tarehe 3 ya kila mwezi.
2. Kila mmoja atatoa shilingi 500 za tokeni za stima na shilingi 300 za maji kabla ya tarehe 5.
3. Kila mmoja atalipa fungu lake hata wakati wa likizo.
4. Anayetaka kuhama atatoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, au ataleta mtu wa kushika nafasi yake atakayekubaliwa na wote.
5. Mgeni atalala kwa siku zisizozidi 2. Akizidisha, mwenyeji wake atalipia maji na stima yake.

Kifungu cha tatu kisidharauliwe. Kodi hudaiwa miezi 12, lakini mwanafunzi huenda akakaa mjini miezi 9 tu. Kwa fungu la 6,000, tofauti ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Urafiki mwingi umevunjikia hapo. Kuhusu mgeni, wahenga walikwisha kutuongoza: siku mbili ni mgeni, ya tatu apewe jembe.

Wapo watakaosema kwamba kuandikiana baina ya marafiki ni kukosa imani. Hoja hii haina mashiko. Aliye na shida ya fedha hupata urahisi zaidi kusema "sitaweza kabla ya tarehe 3, nipeni hadi tarehe 10" pale ambapo tarehe inajulikana. Pasipo tarehe, hukwepa macho ya wenzake.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kuchagua nyumba ya pamoja ni kuchagua mapatano, na kwamba mapatano hufaa kwa kadiri ya uwazi wa lugha yake. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hakuna sababu ya mpangaji na mwenye nyumba wanaozungumza Kiswahili langoni kutia saini kwa lugha ambayo mmoja wao haielewi barabara. Tunapendekeza kwamba chama cha Kiswahili katika kila chuo kiandae kielelezo cha mkataba na cha mapatano ya ndani, kikipitie pamoja na wanafunzi wa sheria, kisha kikigawe kwa wanafunzi wapya kabla ya juma la kwanza la masomo. Itakuwa huduma ndogo kwa chama, na huenda ikamwokolea mwanafunzi muhula mzima.