Shibolethi Chuoni: Usimpime Mwenzako kwa Jina Lake

Maandiko ya kusoma: Waamuzi 12:1–6, Matendo 6:1–7, Yakobo 2:1–9

Nyumba nyingi za kanisa letu zinapakia sanduku, godoro na sufuria, kwa maana watoto wanaripoti chuo kikuu. Baba anatoa nauli, mama anatoa mawaidha. Na katikati ya mawaidha hayo kuna neno tulilolizoea mno: "Ukifika, tafuta watu wetu." Tunalisema kwa upendo. Leo tulipime kwa Neno.

1. Kivuko bado kipo

Wagileadi waliteka vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja tu, Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kulitamka sawasawa, alisema "Sibolethi", akauawa hapo hapo. Walikufa Waefraimu 42,000. Na hawa hawakuwa wageni! Efraimu na Manase, babu yake Gileadi, walikuwa ndugu, wana wa Yusufu.

Sisi Wakenya tunakijua kivuko hicho. Mapema mwaka wa 2008 kulikuwa na vizuizi barabarani ambapo mtu alitoa kitambulisho, jina likasomwa, na maisha yake yakaamuliwa. Chuoni hakuna panga, lakini swali ni lile lile: "Jina lako la pili ni nani? Nyinyi ni watu wa wapi hasa?" Mmoja anachekwa matamshi darasani mpaka anaogopa kuuliza. Kikundi cha kazi ya darasa kinajaa watu wa lugha moja, wanaongea lugha ya mama, na mwenzao amekaa pale kama kiti. Kura za viongozi wa wanafunzi zinahesabiwa kikabila kabla hazijapigwa. Yakobo anaita upendeleo kwa jina lake: ni dhambi. Hasemi ni desturi.

2. Mitume hawakufunika jambo

Katika Matendo 6 wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa wakati wa kugawa chakula. Kanisa lilikuwa limejaa Roho, na bado ubaguzi uliingia jikoni. Mitume hawakuwaambia, "Msituletee siasa kanisani." Waliita mkutano na watu saba wakachaguliwa. Soma majina yao: yote ni ya Kiyunani, na Nikolao alikuwa mwongofu wa Antiokia. Yaani mwiko ulitiwa mikononi mwa upande uliokuwa unaumia. Matokeo yako mstari wa 7: Neno likaenea.

Hata sheria ya nchi imeona jambo hili. Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia na ulemavu. Sheria ya Utangamano na Uwiano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Kama serikali inahesabu, je, wewe kiongozi wa ushirika chuoni umeshahesabu? Nani anashika maiki na nani anaosha sufuria? Na yule ndugu wa kiti cha magurudumu, umemwalika kwenye maombi ya ghorofa ya tatu pasipo lifti? Huo mwaliko ni mlango uliofungwa.

3. Hofu isikufundishe

Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga Wakristo na Waislamu, na watu 148 wakauawa. Hilo jeraha ni letu, hatulipunguzi. Lakini angalia silaha yao ya kwanza: kutenga. Ukikataa kukaa chumba kimoja na msichana kwa sababu tu amevaa hijabu, unaendeleza kazi waliyoianza.

Desemba mwaka huo huo, magaidi walisimamisha basi huko Mandera, wakaamuru abiria wajitenge. Waislamu walikataa kuwaacha Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mwislamu alikataa Shibolethi kwa gharama ya damu yake. Je, sisi tuliookoka?

Mtu atauliza, "Sasa tuache kuhubiri?" Hapana. Kumheshimu jirani si kuficha imani yako. Bwana Yesu aliomba maji kwa mwanamke Msamaria kabla hajamfundisha habari ya kuabudu. Mtu uliyekula naye ugali atakusikiliza.

Fanya hivi wiki hii

Mzazi: badilisha mawaidha. Mwambie mtoto, "Tafuta watu wa Mungu, na uwe jirani mwema kwa wote." Na uache mizaha ya kabila mezani, maana mtoto huyapakia pamoja na godoro.

Mwanafunzi: kaa karibu na mtu usiyejua lugha yake. Mzaha wa kabila ukitumwa kwenye grupu ya WhatsApp, usicheke, usiusambaze. Ukipiga kura, uliza kazi ya mtu, usiulize kwao.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni neno gani la kabila au dini tunalolisema nyumbani ambalo hatungelisema mbele ya mhusika?
2. Katika ushirika wetu, ni nani "wajane wa Kiyunani"?
3. Mtoto wako akileta mchumba wa kabila lingine, swali lako la kwanza litakuwa gani?

Tuombe: Baba, tusamehe kwa vivuko tulivyovilinda. Wavushe watoto wetu salama, na uwape mioyo ya kuwavusha wengine. Katika jina la Yesu, Amina.