SOMO LA JUMA: NENDA WEWE WA KWANZA

Maandiko ya kusoma: Mathayo 5:23-24, Mathayo 18:15-35, Yohana 13:1-17



Wengi wetu tunasema: "Nimekwisha kumsamehe, lakini yeye aje kwanza aombe." Leo tuangalie kama huo ni msamaha kweli.

Naanza na kosa langu mimi shemasi wenu. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika hapa Uvira. Maji yalibeba watu, nyumba na mali. Kwetu matope yalifunika alama za mpaka wa parsele. Wakati wa kujenga tena, jirani yangu aliingiza ukuta wake upande wangu, hatua moja. Nilipomwambia, alinicheka. Tangu siku ile sikumsalimu tena. Miezi saba nilipita mbele ya mlango wake nikitazama chini, na siku ya ibada nikashika kikapu cha sadaka mbele ya kanisa. Watoto wetu wakaanza kutupiana mawe. Wao hawakujua habari ya mpaka. Chuki walijifunza kwangu.

Siku moja nilikuwa nikitayarisha mafundisho ya vijana juu ya nabii Simon Kimbangu. Mwaka 1921 alikuwa ametoroka mikononi mwa askari, lakini mwezi wa Septemba alirudi Nkamba kwa miguu yake, akajitoa. Baraza la kijeshi lilimhukumu kufa. Mfalme wa Ubelgiji akageuza hukumu iwe kifungo cha maisha. Alifungwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, miaka 30, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Waamini wake walihamishwa mbali na kwao, lakini hawakushika silaha kulipa kisasi.

Moyo ukanichoma. Yeye alirudi mwenyewe kwa watu waliotaka kumfunga. Na mimi nashindwa kuvuka hatua moja?

Jioni ile nilibisha hodi kwa jirani. Nikamwambia: "Baba, nisamehe. Miezi saba nimekunyima salamu." Alinyamaza. Halafu akaniletea kiti. Juu ya ukuta, tulimwita shefu wa avenyu apime. Neno hilo halikuisha siku moja, lakini tulilizungumza tukiwa tumeketi pamoja, na watoto wakarudi kucheza.

Tujifunze mambo manne:

1. Unyenyekevu unatangulia. Yesu hakungoja Yuda atubu ndipo amwoshe miguu. Alijua atakayotenda, akamwosha pamoja na wengine.

2. Msamaha hautangazi. Bwana anatuagiza tumwendee ndugu yetu tukiwa wawili tu kwanza. Lakini sisi tunaanzia kwenye robine, tunapita sokoni, tunamaliza katika kwaya. Mwenye kosa ndiye wa mwisho kusikia.

3. Kusamehe si kusema uongo. Kosa linabaki kosa, na deni la feza linaweza kudaiwa kwa upole. Tunachoacha ni uchungu na kisasi.

4. Wema ndio muhuri. Ukisema umesamehe, fanya tendo: msalimu, mpe maji, mtembelee akiugua, mtaje katika sala kwa jina lake bila kumshitaki kwa Mungu.

Mpendwa, mtumishi yule wa Mathayo 18 alisamehewa deni kubwa, akamkaba mwenzake koo juu ya deni dogo. Tusiwe kama yeye.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

- Ni nani ninayepita bila kumsalimu?
- Watoto wangu wanajifunza nini kwa ukimya wangu?
- Nitamwendea siku gani?

Usingoje ibada ijayo. Nenda leo, jua lisitue. Mungu awabariki.

Shemasi wenu, Rugenge