Kutembea kwa Siku na Kiasi cha Chakula Mwili Unachohitaji

Mwili hutumia nishati hata mtu anapolala, kwa kuwa moyo hauachi kudunda wala mapafu kupumua. Kalori za msingi kwa siku hukadiriwa hivi: zidisha uzito wako (kilo) kwa 10, ongeza urefu (sentimita) uliozidishwa kwa 6.25, ondoa umri uliozidishwa kwa 5. Mwanamke huondoa tena 161. Mwanamume huongeza 5.

Jibu hilo huzidishwa kwa kiwango cha shughuli za siku nzima. Anayekaa zaidi, au kufanya kazi nyepesi, huwa kati ya 1.4 na 1.69, mwenye kazi ya wastani, 1.7 hadi 1.99, mwenye kazi nzito kama kulima kwa jembe la mkono, 2.0 hadi 2.4.

Tuwatazame wanawake wawili, kila mmoja ana kilo 60, sentimita 160 na miaka 40. Kalori zao za msingi ni 1,239. Mshonaji akaaye kwenye cherehani kutwa, kwa kiwango cha 1.4, huhitaji takribani 1,735. Mchuuzi azungukaye mitaani kwa miguu, kwa 1.8, huhitaji takribani 2,230. Tofauti ni karibu kalori 500 kila siku.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mshonaji akitembea nusu saa jioni hutumia takribani kalori 100 tu. Matembezi hayo yana faida kubwa kiafya, lakini hayamhalalishii sahani ya mchuuzi. Aidha, matembezi yaliyokwisha kuingizwa katika kiwango yasiongezwe mara ya pili.

Simu inayohesabu hatua husaidia: chini ya hatua 5,000 kwa siku ni maisha ya kukaa, 10,000 na zaidi ni ya uchangamfu. Lakini simu haihisi ndoo ya maji ya lita 20 kichwani, wala haihesabu hatua ikiachwa nyumbani. Zingatieni pia kazi yenyewe.

Hesabu hii ni makadirio. Mwamuzi ni mizani. Pimeni uzito kila mwezi katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ukipanda au kushuka bila kukusudia, rekebisheni chakula. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wagonjwa wasitumie kanuni hii, bali wapate ushauri wa mtoa huduma za afya.