Pikipiki Iishi Kuliko Deni Lake
Somo kwa mkulima mwenye kijana Kibera au Kawangware



Somo letu la mwezi huu si la mbolea wala la dawa ya kupe. Ni la pikipiki. Labda utauliza, pikipiki yahusu nini shamba langu? Yahusu sana. Wengi wenu mna vijana waliokwenda Nairobi kutafuta kazi, na wengine wao wamepanga vyumba Kibera na Kawangware. Kijana akikosa kazi ya mshahara, siku moja humpigia mzazi wake simu na kusema: "Baba, uza yule mtamba, nipate fedha za kuanzia pikipiki." Fedha hizo hutoka katika maziwa yako, viazi vyako na mahindi yako. Basi pikipiki ya Kawangware ni jambo la shamba, na yafaa uijue hesabu yake kama unavyoijua hesabu ya ng'ombe.

Hatusemi kwamba kazi hiyo ni mbaya. Vijana wengi wanakula kwayo na kusomesha watoto. Twasema neno moja tu, nalo ndilo somo lote: faida kamili ya pikipiki ya mkopo huanza siku deni linapokwisha. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwenye pikipiki ni kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, pikipiki bado ni nzima, na mwendeshaji bado ni mzima.

1. KAZI HII ILITOKA WAPI

Bodaboda ilianza Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Wakati ule ilikuwa ni baiskeli, ikivusha watu na mizigo kutoka upande mmoja mpaka wa pili, na jina lake latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Mwaka wa 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo zisizofika cc 250. Bei ikashuka, na pikipiki za cc 100 hadi 150 zikaenea nchi nzima.

Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles, mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lake katika lugha yao maana yake ni msitu. Leo msitu haupo. Nyumba zimebanana, na njia nyingi za ndani hazipitishi gari. Lakini pikipiki yapita. Mama aliyenunua bidhaa soko la Toi na anayekaa Lindi au Makina humwita mtu wa bodaboda. Huko Kawangware, watu wengi hutoka asubuhi kwenda kazini Lavington na Kilimani. Matatu hufuata barabara kubwa tu, bali bodaboda ya steji ya 46 humfikisha mtu mpaka langoni.

Angalia jambo hili vizuri, kwa maana tutalirudia: safari hizo ni fupi, tena ni nyingi. Mwendeshaji huondoka, husimama, hugeuka, huondoka tena, kutwa nzima.

2. HESABU YA MKOPO

Hesabu hizi ni za mfano, kwa maana bei hubadilika kila mwaka na kila duka. Weka tarakimu za kijana wako mahali pa hizi zetu.

Tuseme pikipiki yauzwa shilingi 180,000 kwa fedha taslimu. Kijana hana fedha hizo. Mkopeshaji amwambia alipe 30,000 kwanza, kisha 450 kila siku kwa muda wa siku 540, yaani miezi 18.

Malipo ya kila siku: 450 x 540 = Sh. 243,000
Ongeza malipo ya kwanza: Sh. 30,000
Jumla: Sh. 273,000

Toa bei ya fedha taslimu, 180,000. Zabaki shilingi 93,000. Hiyo ndiyo gharama ya kukopa. Fedha hizo hazinunui hata spoki moja ya gurudumu.

Sasa tutazame juma moja zuri. Kijana afanya kazi siku 6, na kila siku apata 1,500. Jumla ni 9,000. Watu wengi husema, "Mwanangu apata elfu tisa kwa juma!" Hayo ni mapato, bado si faida. Kila siku ya kazi hutoka fedha hizi:

Petroli: Sh. 400
Chakula: Sh. 150
Chama cha steji: Sh. 50
Akiba ya oili, tairi, cheni na bima: Sh. 150
Jumla: Sh. 750

Kwa siku 6 ni 4,500. Zabaki 4,500. Lakini mkopeshaji hapumziki Jumapili: 450 mara 7 ni 3,150. Basi zilizobaki mkononi ni shilingi 1,350 kwa juma. Katika hizo kijana atalipa kodi ya chumba, atanunua unga na mafuta ya taa, na kama ana mke na mtoto, atawalisha.

Tazama tena juma la mvua. Njia za Kibera zimejaa matope, naye afanya kazi siku 4 tu, kila siku 1,000. Jumla ni 4,000. Safari zimepungua, kwa hiyo petroli ni 300 kwa siku, na gharama zote kwa siku ni 650, yaani 2,600 kwa siku hizo 4. Zabaki 1,400. Mkopeshaji adai 3,150 zile zile. Zapungua 1,750. Zitatoka wapi? Hapo ndipo simu ya baba hulia mara ya pili. Na kama haikulia, kijana huchukua zile 150 za akiba, haweki oili mpya, na tairi iliyokwisha meno huendelea kutumika. Ndivyo pikipiki inavyoanza kufa kabla ya deni.

Ninyi mlio katika skimu mnalijua deni. Mashamba mengi yaligawanywa kuanzia mwaka wa 1962 katika mpango wa Ekari Milioni Moja, na wazee walilipa Settlement Fund Trustees kidogo kidogo kwa miaka mingi. Lakini shamba lilikuwa na heri moja: mzee alipomaliza kulipa, udongo ulikuwa bado upo. Pikipiki si hivyo. Kila siku inayolipiwa ni siku inayochakaa.

Hata hivyo, usikate tamaa. Tazama juma zuri la kwanza baada ya deni kwisha: zile 3,150 hazitoki tena, na kijana abaki na 4,500 badala ya 1,350. Hiyo ndiyo faida aliyoifanyia kazi miezi 18. Ataipata ikiwa tu pikipiki bado yaenda.

3. KUITUNZA PIKIPIKI

Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa kila siku, na kila siku hulishwa. Mtu akimkamua bila kumlisha, hapati maziwa muda mrefu. Pikipiki ni vivyo hivyo. Mfundishe kijana haya:

Oili. Safari fupi fupi na gia ndogo huchosha injini kuliko mwendo wa barabara kuu. Apime oili mara kwa mara, na aibadili kwa wakati uliotajwa katika kitabu cha mtengenezaji, bila kungoja iwe nyeusi kama lami. Oili ni rahisi. Injini ni ghali.

Cheni. Matope hushika mchanga, na mchanga hula cheni na meno yake. Baada ya mvua aisafishe, aipake oili, na aangalie isiwe imelegea sana wala kukazwa mno.

Breki na klachi. Kusimama na kuondoka kutwa nzima huzimaliza upesi. Breki ikianza kulia au kukawia kushika, aende kwa fundi siku ile ile.

Tairi. Tairi isiyo na meno yateleza kwenye matope, tena yateleza zaidi kwenye lami yenye maji.

Mzigo. Watu watatu nyuma ni nauli ya leo na spoki, springi na beringi za kesho.

Mahali pa kulala. Wezi ni wengi, kwa hiyo wengine huingiza pikipiki chumbani. Hiyo ni hatari kubwa. Mvuke wa petroli ukikutana na jiko au taa, moto hushika chumba kizima, na katika nyumba zilizobanana hushika na za majirani. Afadhali alipie mahali penye mlinzi, na afunge gurudumu kwa mnyororo na kufuli.

Siku hizi kuna pia pikipiki za umeme, na mwendeshaji hubadilisha betri kituoni badala ya kununua petroli. Hazina oili ya injini wala plagi. Lakini tairi, breki na deni ni vile vile, na malipo ya betri lazima yaingie katika hesabu.

4. KUMTUNZA MWENDESHAJI

Pikipiki ikivunjika hununuliwa nyingine. Mtoto wako hanunuliwi mwingine. Uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali uliokusanywa pamoja mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza vifo vya waendeshaji wanaopata ajali kwa kadiri ya asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini helmeti iliyotundikwa kwenye usukani hailindi kichwa cha mtu. Ivaliwe, na ukanda wake ufungwe chini ya kidevu. Iwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya. Helmeti iliyokwisha pigwa kwa nguvu katika ajali itupwe, hata kama ufa hauonekani.

Abiria naye apewe helmeti. Wengi huikataa kwa sababu ya jasho la watu wengine. Dawa yake ni nyepesi: abiria afunge kitambaa safi kichwani kwanza, kisha aivae. Sheria ya Barabara yataka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi lenye kung'aa, na abiria asizidi mmoja. Mwenye kubeba abiria kwa malipo awe na leseni ya daraja la A3, nayo hupewa aliyetimiza miaka 21. Bima ya kulipia hasara ya watu wengine ni lazima kwa sheria. Bila leseni na bima, ajali moja yaweza kula pikipiki na shamba pia.

Kanuni moja ya Ngong Road na Naivasha Road ni hii: asipite kamwe upande wa kushoto wa matatu iliyosimama, kwa maana mlango hufunguka huko na watu hushuka bila kutazama.

5. KABLA HUJAUZA MTAMBA

Kwanza, kijana aendeshe pikipiki ya mtu mwingine kwa miezi 6, akimletea mwenyewe hesabu kila siku. Hapo atajua steji, njia, na kama kazi yamfaa. Asiyeweza kumlipa mwenye pikipiki hataweza kumlipa mkopeshaji.

Pili, auliziwe nafasi katika steji. Steji nyingi zina chama na kiingilio. Mwenye pikipiki bila steji ni kama mwenye ng'ombe bila malisho.

Tatu, soma mapatano ya mkopo mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi. Uliza: akikosa siku tatu, itakuwaje? Pikipiki ikichukuliwa, fedha zilizokwisha lipwa zitarudi? Deni likiisha, logibuku itaandikwa jina lake lini?

Nne, kadiri malipo ya kwanza yalivyo makubwa, ndivyo deni lilivyo fupi. Yafaa kijana aweke akiba mwaka mmoja katika chama cha akiba na mikopo, kisha wewe umwongezee.

Tano, usiweke hati ya shamba rehani kwa ajili ya pikipiki. Shamba ni la watoto wote. Pikipiki ni ya mmoja.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Mapato na faida vina tofauti gani?

2. Kijana afanya kazi siku 5 kwa juma, apata 1,400 kila siku, na gharama zake ni 750 kwa siku. Mkopeshaji adai 450 kwa siku 7. Abakiwa na shilingi ngapi?

3. Kwa nini pikipiki ya Kibera huhitaji matunzo zaidi ya ile iendayo barabara kuu tu?

4. Taja mambo matatu utakayomwuliza mkopeshaji.

Jibu la swali la 2 ni shilingi 100. Ukilipata, mwulize kijana wako kodi ya chumba italipwa kwa nini. Fanyeni hesabu hiyo pamoja, yeye na wewe, atakapokuja nyumbani. Akiweza kukuonyesha kwa kalamu jinsi pikipiki itakavyoishi kuliko deni lake, hapo waweza kumpa fedha kwa moyo mweupe. Asipoweza, mtamba na abaki boma. Huenda mwaka ujao akawa na ndama, na kijana akawa na hesabu.