Soma kopo kabla ya kumimina oili

Ukiwa Matai, huku Ufipa, mwezi wa Juni, fanya jaribio hili. Jaza oili chupa mbili ndogo, moja SAE 40 na nyingine 15W-40, ziache nje usiku kucha. Alfajiri ziinamishe. Ya kwanza itajivuta kama asali, ya pili itatangulia kufika mdomoni. Ndivyo zitakavyokwenda ndani ya injini ya mashine ya kusaga unapoiwasha na baridi ya Ufipa, na chuma huumia zaidi oili inapochelewa.

Zote mbili zimetokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kiwandani, yakatolewa nta, yakatiwa dawa za kuzuia kutu na msuguano. Rangi haikuambii lolote kati ya hayo. Kopo ndilo linalosema.

Uzito. Namba yenye W ni ya baridi. Ya pili ni ya joto la nyuzi 100. Injini ikipata moto, 15W-40 na SAE 40 ziko daraja moja. Kitabu cha mashine kikiruhusu, chagua 15W-40.

Herufi. Kwenye alama ya API, C ni ya dizeli, S ni ya petroli.

Pikipiki. Tafuta JASO MA. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea kwenye oili ya injini. Baadhi ya oili za gari huifanya iteleze.

Giaboksi. Kitabu kikitaka GL-4, usiweke yenye alama ya GL-5 pekee. Dawa zake zinaweza kula ringi za shaba.

Mashine ya alizeti. Sehemu inayoweza kugusa mafuta ya kula iwekee kilainishi chenye alama H1. Vingi hutengenezwa kwa mafuta meupe, yaliyosafishwa hadi hayana rangi wala harufu.

Kupima. Zima injini, subiri dakika chache, chomoa stiki. Oili ya dizeli ikiwa nyeusi usishtuke: imebeba masizi, ndiyo kazi yake, ibadilishe kwa kufuata saa za kazi. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe tena hadi ujue yanakotoka.

Oili chafu. Usinawie, wala usiimwage mtaroni. Ina sumu zinazoweza kuleta saratani ya ngozi, na mvua itaipeleka mtoni, kwenye maji tunayochota. Ihifadhi kwenye dumu lenye kifuniko, ulikabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali.