Wali wa Bibi na Ugonjwa wa Kisukari

Mwalimu wetu wa Elimu ya Viumbe alipotufundisha jinsi wanga unavyogeuka kuwa glukosi na kuingia katika damu, wenzangu walikuwa wakinakili ubaoni, bali mimi nalikuwa nikifikiri sinia la nyumbani kwetu, Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo. Somo lile sisi tulikwisha kulipata, tena kwa machozi. Ndiyo sababu naomba nafasi katika gazeti letu nieleze machache.

Bibi yangu mzaa mama alionekana kuwa na kisukari mwaka juzi. Kliniki walimpa vidonge, wakamwambia apunguze wanga. Basi sisi tukalishika neno hilo kwa pupa. Kesho yake wali ukaondolewa, ugali ukaondolewa, hata muhogo wa asubuhi. Bibi akatengewa sahani yake peke yake, mchicha na kipande cha samaki, nasi tukaendelea na sinia letu. Vidonge akavimeza vile vile. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, akaanza kutetemeka, jasho baridi likamtoka, na maneno yake hayakueleweka. Mama mmoja jirani, ambaye mumewe ana ugonjwa huo huo, alikoroga vijiko vinne vya sukari katika nusu bilauri ya maji, akamnywesha. Haikupita robo saa, Bibi akatuuliza kwa nini tumemzunguka.

Kosa lilikuwa letu. Vidonge vingine vya kisukari, kama vile glibenklamaidi, huisukuma kongosho itoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Sindano ya insulini nayo haingoji. Mtu akipunguza wanga ghafula na dawa ikabaki ile ile, sukari ya damu yaweza kushuka chini ya 4 katika kipimo, na jambo hilo laweza kuua. Kwa hiyo kwanza kliniki, ndipo jikoni. (Na aliyezimia asinyweshwe kitu, maana atapaliwa, akimbizwe hospitali.) Tuliporudi kliniki, Bibi alibadilishiwa dawa, akaambiwa kiasi cha kula.

Kabla Banting na Best hawajaipata insulini huko Toronto mwaka 1921, wagonjwa wengi, hata watoto, walipunguziwa chakula mpaka wakakonda kama vijiti. Leo hapana haja ya njaa. Tena jambo hili si la nyumba moja: uchunguzi wa mwaka 2012 katika Tanzania Bara ulionyesha kuwa kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, kama 9 walikuwa na kisukari.

Sasa nije kwenye chungu. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga kama gramu 45, yaani sawa na vijiko 11 vya chai vya sukari. Kabichi iliyopikwa, kikombe hicho hicho, haifiki gramu 10. Nazi, ambayo sisi tuliishuku kwanza, haina wanga mwingi; ina mafuta, na hayo yatumiwe kwa kiasi. Dona nayo watu huidhania haina sukari. Wanga inao karibu sawa na sembe, ila makapi yake huuchelewesha kidogo kuingia katika damu.

Mama alijaribu pilau ya kabichi. Mara ya kwanza ilikuwa uji. Kabichi ilitoa maji, nyama ikaelea, na mjomba akauliza kama kuna mtu anayeumwa meno. Mara ya pili aliikata nyembamba kama punje, akaikaanga katika sufuria pana bila kifuniko, moto mkali, mpaka maji yakakauka. Kisha akaitia katika vitunguu vilivyokaangwa vikawa vyekundu, pamoja na bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Hapo ndipo tulipojua kuwa harufu ya pilau haimo katika mchele. Wako wanaotumia koliflawa ya Lushoto, nayo ni nzuri zaidi, lakini bei yake haipatani na mfuko wetu. Kabichi hupatikana sokoni kila siku.

Hata hivyo Bibi hakununa kwa ajili ya wali. Alinuna kwa ajili ya ile sahani. Alisema, “Mmenitenga kama mgeni katika nyumba niliyowalea.” Mama aliirudisha kabatini siku hiyo hiyo. Sasa sote twala sinia moja: pilau ya kabichi katikati, kisamvu au bamia pembeni, samaki juu, na wali nusu kikombe mbele ya Bibi, umepimwa. Huanza na mboga na samaki, wali humalizia, kwa kuwa ukifuata nyuma sukari haipandi upesi. Mimi ndiye mpimaji wa damu yake, saa mbili baada ya kula, nami huandika katika daftari la kupeleka kliniki.

Maandazi ameyaacha, ila moja siku ya Idi. Chai hunywa kavu, kwa tangawizi na iliki. Mchuzi wa pweza wa nazi hatukuubadili hata kidogo.